Wasomaji Wauliza: Biblia ndani ya mandhari za rangi za maji

Toleo lililopita tulichapa mandhari kadhaa za Waingereza, za kati ya mwaka 1780 na 1830 hivi, kila moja ikiwa imeficha kisa cha Biblia. Barua zimekuja nyingi kuliko kurasa. Zinazofanana tumeziunganisha, na salamu ndefu tumezifupisha, mtuwie radhi.

Shikamooni wahariri. Mmeandika kwamba picha ni ya Biblia, lakini mimi naona milima, mto na miti. Watu wapo pembeni, wadogo kama sisimizi. Nitajuaje ni kisa gani? — Msomaji, Tanga

Marahaba. Usihangaike na nyuso; mtu wa sentimita mbili hana uso wa kusoma. Angalia mikono kwanza: kabeba nini? Halafu hesabu watu, tafuta mnyama, na mwisho angalia jua liko upande gani.

Kijana mwenye samaki, kando yake mtu mrefu mwenye mbawa au fimbo, na mbwa nyuma yao: hao ni Tobia na malaika Rafaeli kandokando ya mto Tigri. Kisa kimo katika kitabu cha Tobiti, kwa hiyo mwenye Biblia isiyo na vitabu vya Deuterokanoni atakitafuta asikione. Wachoraji wa mandhari walikipenda kwa sababu rahisi: kinadai mto, safari na umbali, vitu walivyotaka kuvichora hata kabla ya kufikiria kisa.

Mama na mtoto juu ya punda ni safari ya kwenda Misri. Mathayo hamtaji punda, wala hasemi kwamba walipumzika chini ya mti. Hayo ni mapokeo, na wachoraji waliyafuata karne nyingi bila kuulizwa. Wanaume watatu njiani huku jua likizama ni safari ya Emau. Mzee peke yake kijitoni, na ndege weusi hewani, ni Eliya huko Kerithi. Kunguru mmoja akiwa na kitu mdomoni, shaka imekwisha.

Mwanamke kisimani na mwanamume aliyeketi ni Msamaria. Hapa msomaji wa Kiswahili amebebwa. Yohana anasema ilikuwa yapata saa sita, na sisi saa sita yetu ni jua la utosi, wakati Mwingereza lazima kwanza abadilishe saa kichwani. Basi pima vivuli. Vikiwa virefu, mchoraji ameacha maandiko akafuata uzuri wa jioni, na wengi walifanya hivyo.

Mwanamke mwenye masuke ni Ruthu. Kipimo chake kinafaa kukumbukwa: siku ya kwanza alipura akapata efa moja ya shayiri, takriban lita 22, yaani debe na ziada kidogo. Akichorwa na masuke machache mkononi, mchana bado haujaisha. Akiwa na mzigo, anarudi kwa Naomi.

Anayewachanganya watu kuliko wote ni Hajiri, kwa kuwa malaika alimtokea mara mbili. Katika Mwanzo 16 yuko kwenye chemchemi, ana mimba, na malaika anamwambia arudi kwa Sarai, bibi aliyemtumikia. Hakuna mtoto pichani, na mkono wa malaika huwa unaonyesha alikotoka. Katika Mwanzo 21 yuko na Ishmaeli, kiriba kimekauka, na mtoto amelazwa chini ya kijiti.

Udogo wa watu hao una sababu ya kikazi. Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London, kilichoanzishwa mwaka 1768, kilipanga michoro kwa madaraja: visa vya Biblia na historia juu kabisa, mandhari huko chini, na rangi za maji nyuma ya rangi za mafuta. Wachoraji wa rangi za maji walichoka kubanwa wakaunda chama chao mwaka 1804, na mwaka uliofuata wakafanya maonyesho yao wenyewe. Ukimweka Tobia kando ya mto, mto umepanda daraja. Wengine walifanya hivyo kwa hila tu, na ni rahisi kuwakamata: funika watu kwa kidole gumba. Picha isipopungukiwa kitu, wale watu walikuwa pambo. Lakini ikiwa njia ghafla haina pa kwenda, au mwanga hauna wa kumwangukia, hapo aliyechora alijua anachokifanya.

Mbona nchi ya Biblia inafanana na Italia, au na Uingereza kwenyewe? Hawakujua Palestina ni kukavu? — Mwanafunzi wa chuo, Nairobi

Hawakuwa wamefika. Waliyoyaona ni mandhari za Claude Lorrain, Mfaransa aliyeishi Roma miaka ya 1600. Mti mweusi mkubwa upande mmoja, maji katikati, mwanga wa manjano kwa mbali: ndio mpangilio wake, na Waingereza waliukariri kama sala. Picha yake ya Hajiri na malaika, ya mwaka 1646, ilikuwa mali ya Sir George Beaumont, mkusanyaji wa picha, aliyeipenda kiasi cha kusafiri nayo garini. Aliitoa kwa taifa, ikamshinda kuachana nayo, akaomba arudishiwe akae nayo hadi afe. Leo iko National Gallery, London. John Constable aliiona akiwa kijana, na mpangilio wake unaonekana wazi katika picha zake za bonde la Dedham, ambazo hazina Hajiri wala malaika.

Samuel Palmer alikwenda mbali zaidi. Picha yake ya Familia Takatifu ikipumzika njiani kwenda Misri, ya mwaka 1824 au 1825 hivi, ina mtende, na nyuma ya mtende kuna vilima vya Kent, jimbo la Uingereza. Hiyo ni ya mafuta na tempera, lakini mawazo yake ni yaleyale ya kazi zake za wino na maji. Kwa Palmer hilo halikuwa kosa la jiografia. Aliamini bonde la Kent linaweza kubeba kisa kama Yudea.

Hata J. M. W. Turner, aliyetengeneza michoro 26 ya rangi za maji kwa ajili ya mkusanyo wa mandhari za Biblia uliochapwa na ndugu wawili Finden kati ya 1833 na 1836, hakuwahi kukanyaga Palestina. Alifanyia kazi michoro ya wasafiri, akiwemo msanifu majengo Charles Barry. Mawe yalipangwa kama wasafiri walivyoyaona. Mawingu alijitilia mwenyewe. Mambo yalibadilika David Roberts aliposafiri Misri na Palestina mwaka 1838 na 1839 na kurudi na rundo la michoro aliyoichora papo hapo. Baada ya hapo kilima cha Kiingereza chenye jina la Kiebrania kilianza kuonekana kichekesho.

Picha ya Turner inaitwa Pigo la Tano la Misri, lakini naona mvua ya mawe na moto. Pigo la tano si tauni ya mifugo? — Katekista, Kigoma

Umemkamata. Pigo la tano ni tauni ya mifugo, Kutoka 9 mwanzoni. Mvua ya mawe na moto ni la saba, mbele kidogo katika sura hiyohiyo. Turner alionyesha picha hiyo ya mafuta mwaka 1800 pamoja na aya ya pigo la saba, huku jina likisema la tano. Kosa likaingia tena kwenye mkusanyo wake wa chapa, Liber Studiorum, mwaka 1808, nalo halijafutwa hadi leo. Kwa anayejifunza rangi za maji, mkusanyo huo una faida kubwa: michoro yake ya awali ni mipako ya kahawia tupu, bila rangi nyingine, na humo unaona jinsi giza na nuru peke yake vinavyosimulia. Tafuta ile ya Rispa, chapa yake ikiwa ya mwaka 1812. Ni yule mama wa 2 Samweli 21 aliyelinda maiti za wanawe dhidi ya ndege mchana na wanyama usiku.

Kwenye baadhi ya picha mbingu ni ya waridi ingawa kisa ni cha mchana. Mhubiri wetu alisema ni ishara ya damu. Ni kweli? — Msomaji, Bujumbura

Mhubiri asikasirike: mara nyingi ni nili iliyokufa.

Wachoraji wa wakati huo walipata kijivu cha mawingu kwa kuchanganya nili, ile ya mmea, na nyekundu ya udongo. Nyekundu ya udongo ni kutu ya chuma, jua haliiwezi. Nili hailihimili. Picha ikitundikwa miaka hamsini kwenye sebule yenye dirisha, buluu huondoka, nyekundu hubaki, na wingu la saa sita hugeuka machweo. Miti nayo huathirika: kijani cha nili na njano hugeuka njano au kahawia nili inapokufa, ndiyo maana misitu mingi ya zama zile inaonekana ya vuli mwaka mzima.

Uthibitisho upo ukingoni. Picha ikitolewa kwenye fremu, ule utepe wa milimita chache uliokuwa umefunikwa na kadi ya kuzungushia huwa bado una rangi yake ya mwanzo. Ukikuta ukingo wa buluu-kijivu na katikati waridi, hakuna ishara ya damu hapo. Ukikuta waridi hadi mwisho wa karatasi, mchoraji alikusudia, na mhubiri aendelee.

Waingereza wenyewe waligombana sana juu ya jambo hili. Mwaka 1888 wanasayansi Russell na Abney walitoa taarifa ya majaribio yao kuhusu mwanga na rangi za maji: nili ilikuwa miongoni mwa zilizofifia, na hewa na unyevu vilikuwa na mkono wake, si mwanga peke yake. Ndiyo sababu makumbusho hutunza picha hizi kwenye makasha, na zikionyeshwa taa hushushwa hadi luksi 50, mwanga hafifu unaomfanya mgeni adhani umeme umepungua.

Jambo la kujihadhari: picha ya mtandaoni huenda imesahihishwa rangi. Usijenge hoja ya teolojia juu ya skrini ya simu.

Nafundisha sanaa kidato cha pili, wanafunzi 40. Nataka wachore Hajiri jangwani kwa njia ya hao Waingereza wa zamani. Tufuate hatua gani kwa vifaa vya bei nafuu? Na je, naweza kuweka mbuyu, maana ndio mti wanaoujua? — Mwalimu, Dodoma

Mwalimu, mbuyu weka. Palmer aliweka vilima vya Kent. Atakayekukataza amkataze yeye kwanza.

Karatasi ndiyo ya kugharimia. Karatasi kubwa ya sentimita 56 kwa 76 hutoa vipande vinane vya 19 kwa 28, hivyo karatasi tano zinatosha darasa zima. Ukipata ya pamba ya gramu 300, vizuri. Ya gramu 200 nayo itafaa ila lazima ivutwe: iloweke dakika tano, itandaze kwenye plaiwudi, bana kingo nne kwa utepe wa karatasi wenye gundi ya kulowesha, acha ikauke ikiwa imelala. Usiianike juani. Ikikauka haraka na kwa kutolingana, karatasi inang'oa utepe au inachanika. Karatasi ya fotokopi haifai kabisa. Inakunywa maji na kutoa manyoya.

Rangi nne zinatosha: njano ya udongo, nyekundu ya udongo, buluu ya ultramarini na kahawia ya amba. Soma nambari ndogo kwenye tyubu, si jina: PY43 au PY42, PR102 au PR101, PB29, PBr7. Hizi hazifi juani, kwa hiyo wanafunzi hawatarithi ugonjwa wa nili. Nyeusi ifiche kabatini.

Kabla ya penseli, wasomewe Mwanzo 21. Mpangilio wa picha umo mle ndani: Hajiri anamlaza mtoto chini ya kijiti, kisha anakwenda kuketi akimwelekea, umbali wa mtupo wa mshale, kwa sababu hawezi kumtazama akifa. Umbali huo ndio picha. Mwanafunzi atakayemchora mama amempakata mwana atakuwa amechora kitu kizuri, lakini amekosa kisa. Kwenye karatasi ya sentimita 28, mweke mtoto na kijiti chake kama sentimita 5 kutoka kushoto, na mama sentimita 16 au 17 kutoka huohuo upande. Kati yao pawe patupu. Hapo katikati watataka kuweka jiwe, njia, mbuzi; wakatalie. Mbuyu uwe nyuma, upande wa mama.

Upeo wa macho uwe chini, theluthi moja kutoka ukingo wa chini. Mtu aliyesimama asizidi sentimita 2, aliyeketi sentimita 1.3 hivi. Akizidi sentimita 3, picha inakuwa ya mtu na jangwa linageuka pazia.

Njia ya wazee, kabla ya wachoraji Thomas Girtin na Turner (wote wawili waliozaliwa mwaka 1775) kuanza kujenga picha kwa rangi yenyewe, ilikuwa kuweka vivuli vyote kwa kijivu kwanza, kisha kupitisha rangi nyepesi juu. Kwa darasa ndiyo bora, maana inatenganisha matatizo mawili: leo giza na nuru, kesho rangi.

Changanya ultramarini sehemu mbili na nyekundu ya udongo sehemu moja. Kwa mbingu kila mwanafunzi awe na vijiko viwili vya chakula vya mchanganyiko huo, hafifu, tayari kwenye kisosi. Akiishiwa katikati ya mbingu na kuanza kuchanganya upya, mstari utabaki pale hadi siku ya mwisho. Plaiwudi iinuliwe upande wa juu kwa kitabu kinene, sentimita 6 hadi 8. Brashi nene, namba 10 au 12. Mstari wa kwanza unavutwa kutoka ukingo hadi ukingo, na chini yake lazima pakae ukingo wa maji uliotuna. Mstari wa pili unaushika ukingo huo na kuushusha. Haurudi juu. Ukifika chini, kamua brashi na ufyonze tone la mwisho. Nafasi za watu na za malaika zibaki karatasi tupu, zungukeni, msifunike.

Makosa matatu yatatokea, na yote yana sababu. Doa lenye kingo za mawimbi, kama ua, hutokea mtu anaporudi na brashi ya maji kwenye mpako uliokauka nusu: maji mapya husukuma chembe za rangi hadi ukingoni. Dawa ni kuacha ikauke kabisa, dakika 10 kwa hewa kavu, hata 40 wakati wa masika. Michirizi migumu ni dalili kwamba mpako umekauka kabla ya kushuka. Kwa hewa yenu ya Dodoma mwezi wa tisa mtaiona sana, hivyo fanyeni kipindi cha asubuhi na lowesheni karatasi kwa sifongo kwanza. La tatu ni uchafu, yaani kijivu kilichofanana na maji ya kuoshea vyombo. Hutokana na kupaka mara ya tatu mahali palipokuwa na mbili zilizotosha.

Vijivu viwe vitatu: cha mbali hafifu, cha kati mara mbili yake, cha karibu mara mbili tena. Jaribuni pembeni kwanza, maana rangi ya maji ikikauka hufifia. Siku ya pili pitisheni njano ya udongo nyepesi juu ya ardhi yote isipokuwa watu, amba kwenye mawe ya mbele, na kijani cha njano na ultramarini kwenye kijiti tu. Kijani kikisambaa, jangwa limekwisha. Nguo ya Hajiri ipate mguso mmoja wa nyekundu ya udongo, mzito. Hiyo ndiyo nyekundu nzito pekee pichani, na jicho litamfuata hata kama ana sentimita moja.

Nuru ya malaika msiipake, itoeni. Lowesheni sehemu kwa brashi safi, hesabuni hadi 30, kandamizeni kwa kitambaa kikavu, inueni. Ikikauka, sugueni kwa tonge la mkate mweupe lisilo na siagi. Hicho ndicho kifutio cha wachoraji wa wakati ule, na bado hakijapitwa. Wembe wa kukwaruza utumike mwisho kabisa, kwa kimstari cha maji ya kisima anachokiona Hajiri macho yake yanapofunguliwa. Karatasi iliyokwaruzwa haipokei tena rangi vizuri. Itainywa na kuacha doa jeusi.

Malaika mwenyewe? Maandiko yanasema aliita kutoka mbinguni. Nuru itoshe.

Picha za kahawia za Palmer zinang'aa kama mbao iliyopigwa vanishi. Ni rangi za maji kweli? Na wino ule unatengenezwaje? — Msomaji, Unguja

Ni za maji, kwa maana kwamba maji ndiyo yaliyobeba. Zile sita zilizoko makumbusho ya Ashmolean, Oxford, alizichora mwaka 1825 akiwa na miaka 20, mwaka mmoja baada ya rafiki yake John Linnell kumpeleka kwa William Blake, mshairi na mchoraji. Ni wino wa kahawia uliochanganywa na gundi nyingi, tabaka juu ya tabaka, kisha zikapakwa vanishi. Moja ina jina linalotokana na Zaburi 65, ile ya mabonde yaliyopambwa nafaka. Ni ndogo, kama sentimita 18 kwa 28. Mtu kajilaza katikati ya nafaka akisoma kitabu, mwezi mpevu ukiwa juu. Hakuna Ruthu wala Boazi; kisa hakipo, ipo aya. Anayesaka mtu wa Biblia humo atachoka bure, kwa kuwa mashamba yenyewe ndiyo yanayoimba.

Gundi ni ile ya mgunga, inayotoka kwa wingi Sudan. Twanga, pima sehemu moja kwa sehemu mbili za maji ya moto kwa uzito, acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa. Tia asali sehemu moja kwa kila sehemu tano za maji hayo ya gundi, na matone mawili matatu ya mafuta ya karafuu kuzuia ukungu. Kwa hayo Unguja hamwombi mtu. Gundi ikizidi, rangi hung'aa, kisha hupasuka na kumeguka karatasi ikijikunja. Ikipungua, ukipitisha kidole inaondoka kama vumbi la chaki. Asali ikizidi, na kwa unyevu wa pwani, picha haikauki, na sisimizi wataijua kabla yako.

Wino wa asili wa kahawia hutoka kwa dome, nduguye ngisi. Toa kifuko bila kukipasua, kianike hadi kiwe kigumu, saga, yeyusha kwa maji ya magadi, chuja, kisha tia siki kidogo kidogo mpaka kahawia itulie chini. Mwaga maji ya juu, osha mashapo mara kadhaa, changanya na gundi. Fanyeni nje ya nyumba. Harufu yake haina adabu. Wachoraji wengi walitumia badala yake masizi ya kuni yaliyochemshwa, na kwa macho matupu si rahisi kutofautisha.

Tumerithi picha ya Safari ya kwenda Misri, inadaiwa ni ya mkono na ni ya zamani. Tutajuaje, na tuitundike wapi? Tunakaa karibu na bahari. — Familia, Mombasa

Chukueni lenzi ya kukuza mara 10. Mkiona vitone vilivyopangwa safu kwa safu, ni chapa ya mashine ya kisasa. Chembechembe zisizo na mpangilio, pamoja na alama ya bamba iliyodidimia kuzunguka picha, ni chapa ya shaba ya zamani, pengine ikapakwa rangi kwa mkono. Nayo ina thamani yake. Rangi ya maji ya mkono hukusanyika kwenye kingo za mpako, ikaacha ukingo mweusi kidogo kuliko katikati, na penseli huonekana chini yake.

Kisha ishikeni mbele ya dirisha. Karatasi nzuri za wakati ule zilitoka kwa Whatman, Kent, na jina lake huonekana ndani ya karatasi likipitiwa na mwanga. Kuanzia mwaka 1794 mara nyingi linafuatana na mwaka. Mwaka huo unawaambia picha haiwezi kuwa ya kabla yake, basi. Hausemi ni ya lini, kwa kuwa karatasi ya 1801 mtu angeweza kuichorea mwaka 1840, au jana. Na jina hilo liliigwa.

Kuhusu kutundika: ukuta wa ndani, usiopakana na bafu wala jikoni, na usiotazamana na dirisha. Kioo kisiguse picha. Kadi ya kuzungushia isiyo na asidi iache nafasi ya milimita 3 au 4, la sivyo unyevu utagandisha rangi kwenye kioo. Nyuma ya fremu bandikeni vipande viwili vya kizibo chini, fremu isimame mbali na ukuta na hewa ipite. Vitone vya rangi ya kutu vikitokea kwenye mbingu, msivisugue na msivitie dawa ya kung'arisha nguo. Msiilaminishe kwa hali yoyote: joto na plastiki havitenguliki. Mpaka mpate mtaalamu wa karatasi, itoeni kwenye fremu, ifungeni katikati ya karatasi mbili zisizo na asidi, iwekeni kwenye droo ya juu ya kabati, si ya chini.